Kizunguzungu cha Wazee na Mchoro wa Sikio

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya mchango wa mwanafunzi wa zamani katika utumishi wa umma. Niliisoma mara mbili nikaona kwamba nikiifuata mtalala. Kazi yangu ni ya mipango katika halmashauri, na habari za bajeti hazijapata kumwamsha mtu aliyekwisha kula pilau. Kwa hiyo nimemwomba Katibu ruhusa, naye amenipa kwa shingo upande, nizungumze juu ya jambo lililoingia nyumbani kwa mama yangu, hapa hapa Sokon I, upande wa kuelekea Unga Limited. Jambo hilo ni kizunguzungu cha wazee na dawa ambazo sisi watoto wao tunawatafutia.

Nasema mapema kwamba mimi si daktari. Waganga wa hospitali mliomo humu mtanisahihisha nikikosea. Lakini nimelipia dawa hizo kwa mshahara wangu mwenyewe, na aliyelipa ana haki ya kusimulia.

Nianzie darasani. Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu, katika jengo lile la mabati lenye dirisha lisilofungika. Mwalimu wetu wa Bailojia alichora sikio ubaoni kwa chaki za rangi tatu: sikio la nje, sikio la kati na sikio la ndani. Katika sikio la ndani alichora kitu kama konokono, na juu ya konokono huyo akachora mirija mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake. Akasema konokono ni wa kusikia, na mirija ni ya kuuweka mwili sawa. Tulikariri. Kwenye mtihani niliuchora mchoro ule, nikaandika majina yote, nikapata alama zote. Kisha nikaufunga mchoro huo kichwani mwangu kama mtu anavyofunga cheti kwenye sanduku, na sikuufungua tena kwa muda wa miaka 23.

Sasa nije nyumbani. Mwezi Februari 2011 mama alikuwa na miaka 62. Alfajiri moja aligeuka kitandani upande wa kulia ili aitafute simu, na hapo nyumba ikaruka. Ndivyo alivyosema yeye: "Nyumba imeruka." Dari lilizunguka, akashika ukingo wa kitanda, akatapika. Baada ya nusu dakika hivi kukatulia. Alipojaribu kulala tena upande ule ule, ikaruka tena. Akiinama kuchochea jiko, inaruka. Akitazama juu kuanika nguo, inaruka. Akikaa kimya kitini, yuko mzima kabisa na anauliza mbona chai haina sukari.

Majirani walikuja, kama ilivyo desturi, na kila mmoja alikuja na neno lake. Wengi walisema presha, maana ni kweli mama alikuwa akinywa vidonge vya presha tangu miaka miwili nyuma. Mmoja akasema damu imepungua. Mwingine akanong'ona kuwa ni kijicho cha watu, kwa sababu tulikuwa tumeezeka nyumba upya. Duka la dawa walimpima wakakuta presha imepanda kidogo. Nani haipandi presha yake nyumba ikiruka?

Wale mliokuwapo mkoani mwaka ule mnakumbuka ilikuwa ni miezi ya namna gani. Kule Samunge, eneo la Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Dawa yenyewe ilichemshwa kutokana na mti ambao Wasonjo huuita mugariga, na ndugu zetu Wamasai huuita olamuriaki. Babu alisema ni Mungu aliyemwonyesha, na kwamba kikombe ni kimoja tu, tena lazima kitoke mkononi mwake mwenyewe. Magonjwa yaliyotajwa yalikuwa UKIMWI, saratani, kisukari, pumu, presha na mengineyo. Watu walitoka kila mkoa, wakatoka Kenya na mbali zaidi. Mwezi Machi ilitangazwa kuwa msururu wa magari umefika kilomita 26. Wagonjwa kadhaa walifariki wakiwa njiani au wakingoja.

Kizunguzungu hakikuwamo katika orodha ile. Lakini sisi tulikwisha kusema ni presha, na presha ilikuwamo.

Nilikodi nafasi mbili katika Land Cruiser, nikalipa karibu nusu ya mshahara wangu. Tulipita Mto wa Mbu, tukapita Engaruka, tukapita chini ya Oldoinyo Lengai, vumbi mpaka kwenye meno. Kila gari lilipopiga kona, mama alifumba macho na kunishika mkono. Tulikaa foleni siku nne. Usiku kulikuwa na baridi, watu walikoka moto kando ya magari, wakagawana mihogo na maji bila kuulizana dini wala kabila. Nakiri kwamba sijaona tena Watanzania wakivumiliana vile. Mama alipata kikombe chake, akanywa, tukarudi. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 24 Aprili, na mama alikwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, akainama, akasimama, akatazama juu. Nyumba haikuruka.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi nilisema kikombe kimeponya. Nililisema ofisini mbele ya wenzangu wenye shahada. Na mimi nina shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Basi ikapita miaka minane. Mwezi Juni 2019, mama ana miaka 70, aligeuka kitandani, na nyumba ikaruka kama siku ile ya kwanza. Safari hii misururu ya Samunge ilikwisha kwisha zamani (Babu mwenyewe alifariki mwezi Julai 2021), kwa hiyo tulianza kutafuta dawa karibu. Tangawizi asubuhi na jioni. Kitunguu saumu na limau. Unga wa majani ya mlonge. Mwarobaini, ambao mama alisema heri kizunguzungu. Shangazi alileta magome ya olkiloriti ya kuchemshia supu, na supu hiyo kwa hakika ilikuwa tamu. Mwanamke mmoja wa Kimasai anayeuza mizizi sokoni alitupa shubiri, ile wanayoiita osukuroi, akatuambia waziwazi kuwa yeye huitoa kwa tumbo, ya kichwa haijui. Huyo namheshimu hata leo.

Halafu akaja mtu wa kipaza sauti. Alikuwa na gari dogo, na chupa zake ziliandikwa magonjwa 40 ambayo dawa hiyo inayatibu, kizunguzungu kikiwa namba 17. Chupa ilikuwa shilingi 15,000. Alimwambia mama kwamba dawa yake haipatani na vidonge vya hospitali, kwa hiyo aviweke kando. Mama akaviweka kando. Chupa ya kwanza ilipokwisha, ni mimi niliyekwenda kununua ya pili. Sikuuliza ndani mna nini. Sikuuliza inakwendaje mpaka ikafika kichwani. Nilitaka tu niwe mtoto aliyefanya kitu.

Mwezi Agosti mama alianguka jikoni. Alivunjika mkono wa kushoto pale kwenye kiwiko cha chini, karibu na kiganja. Jiko lilikuwa linawaka, na kama angeangukia upande wa pili nisingekuwa nazungumza nanyi leo kwa moyo huu. Presha yake ilipopimwa ilikuwa 190 kwa 110.

Mkono ulipokwisha kufungwa plasta, daktari kijana wa kike aliyekuwa zamu alimwuliza mama alianguka kwa sababu gani. Mama akasema kizunguzungu. Na yule binti akauliza swali ambalo katika miaka minane hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza, wala mimi mwanawe: "Shikamoo tena mama, hebu niambie: ni wewe unayezunguka, au ni nyumba? Na ni ukigeukia upande gani?"

Ndugu zangu, hapa lugha yetu inatuponza kidogo. Kizunguzungu kwetu ni mambo mengi. Mtu akisimama ghafla akaona giza, husema kizunguzungu. Mzee ambaye miguu haimsikii na anayumba kama yuko kwenye mtumbwi, husema kizunguzungu. Mwenye njaa husema hivyo, na mwenye malaria, na anayeona dari likizunguka kama feni. Ugonjwa si mmoja, na ukiuita kwa jina moja utautafutia dawa moja.

Mama akajibu: nyumba, na ni upande wa kulia. Daktari akamkalisha kitandani, akakigeuza kichwa chake kuelekea kulia, akamlaza chali upesi kichwa kikining'inia kidogo. Mama akapiga kelele. Daktari akaniita nimtazame macho. Mboni zilikuwa zinaruka-ruka zikizunguka, kama mtu anayetazama miti kutoka dirishani mwa basi. Zikaruka kwa sekunde kumi na kitu, zikatulia. "Hapo hapo," akasema daktari. Kisha, badala ya kumwinua, akaanza kumgeuza polepole kwa hatua, na kila hatua akangoja. Yote yalichukua muda usiofika dakika kumi. Hakuandika dawa ya kizunguzungu. Aliandika vidonge vya presha tu, na akasema turudi baada ya wiki moja.

Aliporudia mara ya pili, nyumba haikuruka tena. Nikamwuliza amefanya nini. Akageuza fomu, akachora nyuma yake kwa kalamu ya wino: konokono, na juu yake mirija mitatu ya nusu duara.

Sitaki kuwaficha jinsi nilivyojisikia. Ule mchoro nilikuwa nao.

Habari yenyewe ni hii, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu wasikilize kwa makini. Chini ya ile mirija mitatu kuna chumba kidogo chenye utando laini, na juu ya utando huo kuna vijiwe vya chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, vidogo kuliko chembe ya unga. (Nasema vijiwe, si vile mnavyokaa jioni.) Uzito wake ndio unaoufahamisha ubongo upande wa chini ni upi. Mtu anapozeeka, au akigongwa kichwa, vijiwe vingine hubanduka, vikaelea, vikatumbukia katika mrija mmojawapo, aghalabu ule wa nyuma. Mirija imejaa ute. Mtu akigeuka kitandani, vijiwe huteremka ndani ya mrija kama mchanga katika bomba, vikausukuma ute, na ubongo ukapokea taarifa kwamba kichwa kinazunguka ilhali hakizunguki. Macho hujaribu kuufuata mzunguko usiokuwapo. Vijiwe vikifika chini, ute hutulia, na nyumba hutulia. Ndiyo maana ni nusu dakika tu. Hii ndiyo sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ya nyumba kuruka kwa wazee.

Kulijua jambo hili kulichukua muda. Daktari Robert Bárány wa Vienna alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio. Mmoja alilalamika kuwa anapata kizunguzungu maji yakiwa ya baridi. Bárány alipotumia maji ya moto, kizunguzungu kikaja vilevile, lakini macho yakaruka kuelekea upande wa pili. Akatambua kuwa ni ute unaotembea kwa joto na baridi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zake zilimkuta akiwa mateka wa vita nchini Urusi. Mwaka 1952 huko London, Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza kile kipimo cha kumlaza mgonjwa ghafla, ambacho ndicho mama alifanyiwa. Halafu daktari mmoja wa Oregon, Marekani, jina lake John Epley, akatangaza mwaka 1980 kwamba vijiwe vinaweza kutolewa kwa kukizungusha kichwa tu. Wenzake walimcheka. Daktari anayeponya kwa kugeuzageuza vichwa vya watu! Walimwona kama tunavyomwona mtu wa kipaza sauti. Makala yake kamili yalichapishwa mwaka 1992, na ndipo wengine wakaanza kumjaribu.

Neno "kumjaribu" ndilo ninalotaka vijana walishike. Wagonjwa waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, hawa wakageuzwa kama Epley alivyosema, wale wakageuzwa kwa namna isiyo na maana yoyote au wakaachwa. Majaribio ya namna hiyo yalikusanywa na kutazamwa kwa pamoja mwaka 2014: katika yale yaliyolinganishika, waliopona kabisa walikuwa 56 katika kila 100 kwa mgeuzo wa Epley, na 21 katika kila 100 bila mgeuzo huo.

Watazameni sana hao 21. Hao hawakufanyiwa kitu, nao walipona. Vijiwe hutoka vyenyewe, au huyeyuka, baada ya siku au wiki kadhaa. Mama yangu, Pasaka ya mwaka 2011, naamini alikuwa mmoja wao. Alikunywa kikombe wiki chache baada ya nyumba kuruka, wakati ambapo wengi hupona hata wasiponywa chochote. Laiti tungalimpa chai ya rangi na safari ya siku nne, tungeisifu chai. Katika ugonjwa unaokwenda na kurudi, dawa iliyonywewa mwisho ndiyo inayopata sifa, na ile iliyonywewa kwanza hulaumiwa bure.

Lakini msinielewe vibaya, hasa wazee mliomo humu. Sikuja kuitukana miti. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Dawa mseto ya malaria tunayopewa leo ina kitu kilichotolewa kwenye mmea wa Kichina, artemisia, ambao hata wakulima wa mkoani kwetu walipata kuulima, na Mchina aliyekigundua, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nchi yetu imekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili tangu mwaka 1974, na tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 pamoja na Baraza lake. Yule mti wa mugariga wataalamu wa Serikali waliutazama mwaka ule ule wa 2011. Mtu akikuuzia chupa, unaweza kuuliza kama amesajiliwa. Mimi mtumishi wa umma sikuuliza.

Tangawizi je? Hiyo ina jambo lake. Mwaka 1986 watafiti wa Denmark waliwapa watu 8 wenye afya unga wa tangawizi, wakawamwagia maji sikioni kwa namna ya Bárány ili wazunguke. Waliponywa tangawizi walisikia kizunguzungu kidogo kuliko waliponywa dawa ya uongo. Lakini macho yao yaliendelea kuruka kama kawaida. Yaani tangawizi hutuliza kichefuchefu na ile hofu ya tumbo. Katika mrija haigusi kitu. Hata vidonge vya hospitali vya kizunguzungu viko hivyo hivyo: hutuliza, havitoi kijiwe, na mzee akivinywa miezi mingi huwa mzito na huanguka zaidi. Chochote kinachonywewa hupita tumboni kikaingia katika damu. Kwenye damu hakuna mkono wa kusukuma jiwe. Nami nilikuwa nimeuchora mrija ule, na nilipokuwa nikilipa zile 15,000 ningeweza kujiuliza hilo. Nilikuwa na alama zote.

Kuna kitu kimoja cha kumeza ambacho kina ushahidi mzuri. Huko Korea ya Kusini watu 957 waliokwisha kutibiwa kwa mgeuzo walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliokuwa na upungufu wa vitamini D na wakapewa vitamini hiyo pamoja na kalsiamu walipata marudio machache kwa takriban robo. Vijiwe ni chokaa, na mifupa ni chokaa, si ajabu. Jua tunalo, ila wazee wetu tunawafungia ndani na televisheni. Mazoezi nayo husaidia wale wanaoyumba. Madaktari wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, waliyatunga miaka ya 1940 kwa ajili ya askari walioumia vichwa: kuzungusha macho, kisha kichwa, kisha kusimama na kukaa, mara nyingi kila siku. Wachina wana mazoezi yao ya polepole, tai chi, nayo yameonekana kupunguza kuanguka kwa wazee. Hayo yote hayana bei.

Nitataja kwa haraka yale ambayo mgeuzo hautibu. Kizunguzungu cha kusimama ghafla hutokana na presha kushuka, mara nyingine kwa dozi kubwa ya vidonge vya presha, na huyo apelekwe vidonge vipangwe upya, asiviache mwenyewe. Kuna sindano zilizotumika sana, kama streptomaisini ya kifua kikuu na jentamaisini, ambazo huweza kuua seli za sikio la ndani. Mzee aliyedhurika namna hiyo huyumba gizani, na anahitaji mazoezi, fimbo na taa. Na kizunguzungu kinachokuja pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, au kushindwa kabisa kusimama, hicho msikae nacho hata saa moja, kwa sababu ni dalili ya kiharusi. Msichemshe kitu. Tafuteni gari.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mama alimwamini mtu wa kipaza sauti. Alinijibu mwenyewe. Alisema yule mtu alikaa naye kwenye benchi, akamsikiliza nusu saa, akamwita mama yangu. Kwingine kote alikokwenda, foleni ilikuwa ya saa tatu na maneno yalikuwa ya dakika mbili. Sina jibu la kumpa katika hilo, na nadhani wale mnaotaka kusomea uganga mlifikirie kabla hamjafika chuoni. Yule daktari kijana hakutumia mashine yoyote. Aliuliza tu upande gani.

Mama sasa ana zaidi ya miaka 75. Wajukuu humwita Koko. Mwaka 2022 nyumba iliruka tena, na safari hii tulikwenda siku ya pili yake, tukamaliza. Daktari akanifundisha nimfanyie nyumbani ikirudi, baada ya kuhakikisha shingo yake ni nzima. Bado hutembea na fimbo. Bado anakunywa tangawizi kila jioni, na mimi ndiye ninayeiponda nikiwa nyumbani, maana anaipenda. Vidonge vya presha viko kwenye kopo la majani ya chai ili asivisahau. Kuhusu kikombe cha mwaka 2011 hatubishani. Yeye anasema kilimponya, mimi nasema alipona, na tunakunywa chai.

Sasa Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimebaki tano, na maneno peke yake hayawezi kumgeuza mtu. Nimeleta mto mmoja. Naomba meza ile iondolewe vikombe, na kijana mmoja wa Kidato cha Tatu mwenye shingo nzima na asiyeogopa kuchekwa aje mbele. Atakaa hivi, miguu imenyooshwa, mto utakuwa chini ya mabega. Tuseme sikio baya ni la kulia. Tutakigeuza kichwa nusu ya njia kuelekea kulia, tutamlaza chali, tutangoja mpaka mzunguko ukome, kama dakika moja. Kisha kichwa kitageuzwa kushoto bila kuinuliwa, tungoje tena. Kisha atajigeuza mwili mzima kwa ubavu wa kushoto mpaka pua itazame sakafu, tungoje tena. Mwisho atainuka kwa upande, kidevu kikiwa chini. Mara ya kwanza kwa mzee wenu mwacheni mtaalamu afanye, ninyi mtazame.

Nani anakuja? Haya, wewe mrefu. Vua viatu.